Mchanga Mtupu Juu ya Majivu

Baba yangu ndiye aliyemleta mzungu wa vigae. Nalitaja jambo hili mwanzoni kwa sababu watu wa kwetu wamelisema miaka yote hii, wengine usoni pangu, wengine nikishapita, na sitaki mtu alisikie kwao kabla ya kulisikia kwangu. Hakuna aliyemtuma. Aliazima baiskeli, akaenda mpaka Kinkondja kumtafuta, akambembeleza, akamleta kwetu. Tena alirudi amefurahi.

Wakati huo nilikuwa nimerudi nyumbani. Mume wangu, aliyefanya kazi ya treni pale Kamina, alinirudisha kwa kuwa sikumzalia, akaoa mwingine. Sina mengi ya kusema juu yake. Mama alikuwa amekwisha kufa, kwa hiyo nililima mihogo, nilipika bukari, ugali wa kwetu, na nilimtunza mama yake baba. Kwetu bibi na babu wote ni nkambo, na yeye kijiji kizima kilimwita hivyo hivyo, Nkambo, kama vile hakukuwa na mwingine.

Nyumba zetu zilikuwa bondeni, kando ya kijito. Nyuma yetu palikuwa na kilima ambacho mgeni angeweza kukipita asikione, maana hakikuwa kirefu. Lakini ukikipanda ulikutana na handaki. Lilikizunguka kilima kama mkanda unavyozunguka kiuno. Wakati wangu lilikuwa limejaa udongo na majani, mbuzi walilala humo jua likiwa kali, na sisi tulipokuwa watoto tuliteleza humo mpaka tukachana nguo. Nkambo alitupigia kelele kila alipotuona. Si kwa sababu ya nguo. Alisema hapo si mahali pa kuchekea.

Yeye alikuwa amekaa ndani ya boma lililozungukwa na handaki hilo akiwa mtoto, zamani za watu wa bunduki waliokuja kuteka watumwa. Alikuwa ndiye peke yake aliyebaki hai kati ya waliokaa humo. Handaki, alisema, mtu akisimama ndani yake juu ya mabega ya mwenzake bado hakuona nje. Nyuma ya handaki palikuwa na safu mbili za nguzo za mti mgumu, katikati wakashindilia udongo. Njia ya kuingilia ilipinda, ili anayeingia awape ubavu wenye mishale. Nyumba zilikuwa fupi na zimebanana, na mapaa yalikandikwa tope ili moto usishike. Majogoo wote walichinjwa, kwa kuwa jogoo akiwika anasikika mbali na watu wa bunduki hufuata sauti. Watoto walifundishwa kulia bila sauti. Nkambo alijua kulia hivyo mpaka uzee wake. Mara nyingi niliingia ndani nikakuta uso wake umelowa, nami nilikuwa nje ya mlango muda wote na sikusikia kitu.

Baada ya vita vikubwa vya pili vya wazungu, serikali ikaamua kujenga kambi ya askari na uwanja wa ndege. Tuliwaona kwanza watu wenye fito na vitambaa vyekundu, wakichomeka fito hizo katika mashamba ya watu bila kuuliza. Kisha akaja ofisa wa serikali, kijana mwenye soksi ndefu, akakusanya kijiji na kutuambia kwamba tutahamishwa.

Baba akasimama. Alikuwa mtu mpole, mlezi wa wabatizwa pale misioni, na sikuwahi kumsikia akimjibu mzungu.

"Bwana, hii bulongo, hii udongo, iko ya siye," alisema. "Bankambo yetu balikaa hapa. Tunaenda wapi?"

Ofisa hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alisema kwa upole kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni ya serikali, kwamba watu weusi huhamahama, leo hapa kesho pale, na kwamba mtu akidai babu yake alikaa mahali, basi aonyeshe.

"Aonyeshe" ndilo neno lililomwingia baba. Wengine walirudi nyumbani wakilalamika. Yeye alikwenda misioni kwa padri mzee aliyembatiza, akamuuliza mtu anaonyeshaje jambo la zamani namna hiyo. Padri akamwambia kuna mzungu kule Kinkondja, kwenye ziwa Kisale, anachimba makaburi ya kale na kukusanya vigae vya vyungu, na kwamba mtu huyo akiutazama udongo anajua nani alikaa na lini. Padri alimaanisha mema. Wote walimaanisha mema, ndiyo sababu sijapata mtu wa kumchukia vizuri.

Baiskeli alipewa na mfanyabiashara mmoja wa Kamina, Mwislamu wa ukoo wa Maniema, aliyeuza chumvi na vitambaa karibu na stesheni. Nkambo hakuwahi kugusa chumvi ya duka lile. Alisema mababu wa watu hao ndio walioshika bunduki. Baba alikuwa mkweli kupita kiasi, akamweleza yule mtu baiskeli inaenda kufanya kazi gani. Mfanyabiashara akaitoa baiskeli nje, akasema, "Nkambo yangu alikufa bila kuniambia alifanya nini. Peleka."

Baba alirudi na samaki wa kukaushwa na habari kwamba mzungu atakuja kiangazi.

Akaja kweli. Alikuwa mwembamba, mwenye miwani, hakupiga mtu, hakutukana mtu, na alisema Kiswahili cha vitabu kilichotuchekesha. Tulimwita mzungu wa vigae. Aliajiri wanaume wa kijiji, baba akiwa kapita wao, msimamizi wa kazi. Wakakata handaki kwa upana, kama mtu anavyokata mkate kuona ndani. Mimi niliwapelekea chakula, na kwa kuwa Nkambo alisema Kiluba na Kiswahili chake kilikuwa kidogo, nilikaa kumtafsiria kila mzungu alipomwita.

Sijamwona baba akiwa na furaha kama kiangazi kile. Walikwangua udongo mwekundu kwa mwiko taratibu, na humo yakatokea maduara meusi, moja, jingine, jingine, yakifuatana kuzunguka kilima. Mzungu akaeleza kwamba hapo palisimama nguzo, ikaoza au ikaungua, na udongo mweusi ukachukua nafasi yake. Safu mbili, kama Nkambo alivyosema tangu sijazaliwa. Baba akapiga magoti kando ya duara moja, akaliwekea kiganja.

"Unaona?" aliniambia. "Bulongo inasema. Bulongo haisahau."

Nkambo alipanda kilima akiniegemea. Alisimama palipokuwa na mlango, akapinda mwili kidogo kabla ya kuingia, ingawa hapakuwa na ukuta wowote. Akaenda moja kwa moja mpaka mahali penye nyasi tupu, akasema, "Hapa ni kwa mama yangu." Mzungu akaamuru wachimbe hapo. Wakakuta mafiga matatu, majivu, na kando yake chungu kilichopasuka, vipande vyake vikiwa bado vimelala pamoja.

Nkambo aliomba apewe. Nilitafsiri. Mzungu akavua miwani, akasema anasikitika, kila kitu lazima kiandikwe namba na kuwekwa ndani ya kasha, kikitoka hakina maana tena.

"Hakina maana kwa nani?" Nkambo aliuliza.

Hilo nililitafsiri pia. Mzungu alikifunga chungu katika magazeti.

Siku hiyo, akiwa ameketi juu ya lundo la udongo, Nkambo alisimulia yote, kwa mara ya kwanza mbele yangu. Boma lao lilikuwa imara, lakini maji yalikuwa chini, kijitoni. Watu wa bunduki hawakujisumbua kupanda. Walijificha kwenye matete wakangoja. Wanawake waliposhuka kuchota asubuhi, mama yake akiwa kati yao, walio juu wakasikia milio, kisha wakaona mtungi mmoja unaelea. Hakuna aliyerudi. Kiu ikawashinda. Wanaume wakaziwasha nyumba moto wenyewe, ili moshi uwafiche, wakawatoa watoto na wazee upande wa pili. Wakatembea mpaka mabwawani, upande wa Mulongo, wakapokewa na wavuvi wanaokaa katikati ya mafunjo, mahali ambapo bunduki hazifiki. Akakulia huko. Alirudi akiwa mwanamke mwenye mtoto mgongoni, pamoja na wote waliokuwa bado hai, vita vilipokwisha. Hawakupanda tena kilimani. Walijenga bondeni, karibu na maji.

Mzungu aliandika yote. Alimshukuru kwa kuinamisha kichwa. Niliona macho yake yana machozi, na nilidhani basi, tumeshinda.

Mwisho wa kiangazi ofisa alirudi, tukaitwa kwenye baraza ya shule ya misioni. Ofisa alikaa mezani, mzungu wa vigae kando yake, padri kwenye kona. Sisi tulijaa uani. Baba alivaa koti lake la kanisani.

Ofisa akamwambia mzungu aeleze alichokiona.

Alieleza vizuri. Alisema boma ni la kale, limejengwa kwa akili, watu wengi walikaa humo na waliogopa vita. Tukaitikia. Baba alinitazama. Kisha akasema kwamba boma liliungua. Juu ya majivu kuna mchanga mtupu ulioletwa na mvua na upepo. Katika mchanga ule hakuna kigae, hakuna makaa, hakuna kitu cha mtu. Na juu kabisa, katika mashamba ya sasa na kule bondeni, kuna vigae vingine, lakini si vya namna ile. Udongo wake umechanganywa vingine, nakshi zake ni nyingine. Vinafanana na vya wavuvi wa ziwani na mabwawani.

"Kwa hiyo," ofisa aliuliza, "waliokaa ndani ya handaki waliondoka?"

"Waliondoka, ndiyo."

"Na hawa wanaofinyanga vyungu vingine, ni watu wale wale?"

Mzungu alikunja mikono. "Udongo hauonyeshi hivyo. Bibi mmoja amesimulia kwamba walirudi. Lakini udongo hauonyeshi."

Ofisa akageukia uani. Alisema, polepole ili kila mtu asikie, kwamba mtaalamu mliyemleta ninyi wenyewe amethibitisha kwamba mahali hapa paliachwa, na kwamba ninyi mlikuja baadaye kutoka ziwani. Ardhi haikuwa na mtu.

Baba alisimama hata kabla hajamaliza. Sauti yake ilitoka nyembamba.

"Tuliondoka, tulirudi! Nyumba ya weye ikiwaka moto, weye utabaki ndani? Mama yangu iko hapa. Yeye alikuwa ndani ya lile shimo. Mumuulize!"

Nkambo alisimama pia, akishika bega langu. Hakungoja tafsiri. Alisema kwa Kiswahili chake kidogo, akijigusa kifua, "Minyi njo huyu. Minyi nilikuwa mule."

Ofisa alimtazama, si kwa ubaya. Akamuuliza amezaliwa mwaka gani. Nkambo hakujua. Ofisa akakusanya vitu vyake. Nilimtazama mzungu wa vigae nikingoja aseme neno, hata moja tu, kwamba amemwamini. Alikuwa anasafisha miwani.

Hapo uani ndipo mkuu wa kijiji chetu, mtu ambaye hakuwahi kwenda hata stesheni kututetea, alimgeukia baba na kusema, "Tungenyamaza, bangetutafutia sababu. Weye umebapa sababu mukononi."

Nyumbani sikuwasha moto. Baba aliketi mlangoni na koti lake. Nkambo alilala kitandani ameelekea ukutani, akasema jambo ambalo bado linaniuma kuliko mengine yote.

"Vyungu," alisema. "Wanasema vyungu."

"Ndiyo, Nkambo."

"Mtoto wa kike anafundishwa kufinyanga na nani?"

"Na mama yake."

"Wangu alikuwa wapi?"

Nikaelewa. Wanawake wote waliojua kufinyanga kwa namna ya kilimani walikuwa wameshuka kuchota maji asubuhi ile. Wasichana waliofika mabwawani hawakuwa na mtu wa kuwafundisha, wakafundishwa na wake za wavuvi, wakafinyanga kama wake za wavuvi, wakarudi na mikono hiyo. Vigae vile vilivyotunyang'anya kilima ndivyo vilivyokuwa habari ya mama yake, na hakuna aliyemuuliza.

Nilikimbia. Mzungu alikuwa bado anapigilia misumari makasha yake kilimani. Nilimweleza nikiwa nahema, Kiswahili na Kiluba vikichanganyika. Alinisikiliza mpaka mwisho. Aliketi juu ya kasha.

"Inawezekana," alisema. "Ni jambo zuri sana ulilosema. Inawezekana kabisa."

"Basi mwambie ofisa."

"Siwezi kulichimba hilo, mama. Siwezi kumwonyesha." Kisha, kwa sauti ya chini, "Na uwanja ungejengwa tu. Hata ningesema nini."

"Bwana, kama ungejengwa tu, ulituchimbia nini?"

Alinitazama kama mtu aliyeamshwa. Akaniambia serikali ilimpa kiangazi kimoja kabla ya mashine kuja, ili vitu visipotee. Alijua tangu Kinkondja. Alipokuwa anamkubalia baba, na baba akiwa amepiga magoti juu ya duara lile jeusi, alijua. Sikumtukana. Maneno niliyotaka kumwambia yalikuja siku nyingine, nikiwa nalima, na hayakumfikia.

Malori yalikuja kabla ya mvua. Tulipakiwa na milango yetu, kuku wetu, na mihogo ambayo haijakomaa. Wakatutua mahali pa mchanga, mbali na kijito chochote, ambapo serikali ilikuwa imechora barabara moja iliyonyooka na kutaka tujenge pande zote mbili, mlango kwa mlango. Kila asubuhi nilitembea na ndoo kutafuta maji nikiwa na wanawake wengine, na wengi wao hawakunisalimu.

Nkambo hakumaliza mvua zile. Alikuwa haumwi, aliacha tu kula. Aliomba azikwe kilimani. Baba alikwenda mpaka kizuizi cha kambi akiwa na rozari mkononi, askari weusi wenzetu wakamwambia ndani hakuna kilima, kuna kazi. Tulimzika kwenye mchanga. Kaburi lilikuwa linaporomoka kila tulipochimba, ikabidi tulichimbe upya.

Baada ya hapo baba aliacha kuongoza sala. Watu walikuwa wameshaanza kuhama viti alipoketi. Hakujitetea. Mara moja tu nilimsikia akimwambia katekista, "Minyi nilifikiri ukweli inatosha," na katekista akabadilisha mazungumzo.

Mwaka uliofuata aliomba kazi ya kufyeka nyasi kambini. Nilimkataza, akaenda. Alisema anataka kupaona. Jioni ya siku ya kwanza alirudi, akaweka panga pembeni, akaomba maji. Nilimuuliza amepaona?

"Nimetembea yote," alisema. "Mbele na nyuma. Sijui ni wapi."

"Hata kijito?"

"Bameifunika."

Aliendelea kufyeka pale mpaka nguvu zilipomwisha. Sijui alikuwa anatafuta nini, wala sikumuuliza tena, kwa kuwa kila nilipouliza alijibu kama mtu anayemjibu ofisa.

Alikufa kiangazi. Watu walikuja kwenye matanga, maana matanga ni matanga, na mkuu wa kijiji akakaa mbele akinywa munkoyo wetu, kinywaji cha mahindi. Akasema, nami nikiwa napita na chakula, kwamba marehemu alikuwa mtu mwema ila alipenda sana wazungu. Niliweka chakula chini. Nilimwambia anyanyuke atoke kwenye lupango yetu, kwenye ua wetu. Alidhani natania. Nikarudia, kwa sauti ambayo sikujua ninayo, na nikamwambia siku ile uani alikuwa na mdomo huo huo na hakuutumia kwa ofisa. Aliondoka, na wengi wakaondoka naye, wengine wakibeba vikombe vyetu.

Tulibaki wachache, mimi, katekista, na wajomba wawili waliotoka mbali ambao hawakujua habari yenyewe. Tulimbeba sisi. Mmoja wa wajomba alisema anashangaa, mzee kama huyu kuzikwa na watu wachache hivi. Nikamwambia ahesabu na wale waliofia mabwawani Mulongo, ambao hawakurudi. Hakuelewa, na sikuwa na nguvu ya kumweleza.